Kamba ya Kuanikia: Historia ya Pedi Kibera na Kawangware

Jumamosi asubuhi ploti nyingi za Kawangware hufanana. Vyumba vya mabati vimepangwa safu mbili vikitazamana, katikati pana ua mwembamba wa saruji na mfereji mmoja, na juu ya vichwa vya watu kamba za nguo zimekatizana kutoka ukuta hadi ukuta. Sare za shule zipo, shati la bawabu wa zamu ya usiku lipo, nepi za mtoto zipo. Kitambaa cha hedhi hakionekani. Kama kipo, kimeanikwa chini ya leso ili kisionwe, au kimetandazwa ndani ya nyumba, kati ya godoro na mbao za kitanda, pale jua lisipofika.

Siku hizi pakiti za pedi zina maandishi ya kijani: ogani, asilia, rafiki wa mazingira. Msichana wa Nairobi anaambiwa achague. Lakini kwa zaidi ya miaka mia moja, Kibera na Kawangware, uamuzi huo ulipita mikononi mwa watu wengi kabla ya kumfikia yeye: aliyegawa ardhi, aliyepanga kodi, aliyeuza maji, aliyeleta msaada. Ukitaka kujua pedi ipi inamfaa, kwanza tazama kamba ya nguo na choo cha ploti.

Kiswahili kilikuwa na jina la kitu hiki kabla kiwanda chochote hakijakitengeneza. Sodo ni kile kitambaa anachojifunga mwanamke akiwa hedhini. Magazeti ya Kenya yamelifufua neno hilo kwa umbo la visodo, Watanzania husema taulo za kike, na mitaani Nairobi ni pedi tu, au Always, hata pakiti ikiwa na jina jingine kabisa. Pwani, msichana aliyevunja ungo alikabidhiwa kwa somo wake, mwanamke mzima aliyemfundisha kuchana kipande cha kanga kuukuu, kukikunja, kukifunga, kukifua, kukificha, na kuoga josho la kujitwahirisha siku zikiisha. Bara zilitumika ngozi zilizolainishwa, majani, na baadaye matambara ya nguo zilizochakaa. Vyote hivyo vilioza vikarudi udongoni.

Si haki kuyakumbuka hayo kwa mapenzi matupu. Tambara liliteleza na kuchubua mapaja. Lilitaka maji mengi, lilitaka mahali pa kujisitiri, na mwanamke aliyelivaa mara nyingi alizungukwa na miiko: asipite hapa, asiguse kile. Bibi aliyelelewa kwa matambara akamnunulia mjukuu wake pakiti ya dukani hakuwa anaasi mila. Alikuwa anampa mtoto nafasi ya kukaa darasani bila kuinuka kila saa.

Maji na faragha ndivyo vitu ambavyo Nairobi ya kikoloni ilimnyima mwanamke Mwafrika. Mji ule ulipangiwa wanaume: kibarua alipewa nafasi ya kitanda, na mkewe alitarajiwa kubaki kijijini akilima. Kibera ilianza kwa namna nyingine. Kuanzia 1904 askari Wanubi wa King's African Rifles, wenye asili ya Sudan, walipewa makao kwenye msitu wa kusini-magharibi mwa mji. Kibra, kwa Kinubi, ni msitu. Humo waliishi na wake na watoto, wakalima na kufuga. Ila hati hawakupewa. Serikali ya Mwingereza iliihesabu ardhi kuwa yake, na ya uhuru ikaendelea na hesabu hiyohiyo. Na mahali pasipotambuliwa hapachimbwi mtaro wa maji taka. Wanubi walikuja kupata hati ya ekari 288 mwaka 2017, wakati msitu ule umekwisha kuwa vijiji vilivyobanana: Makina, Lindi, Silanga, Laini Saba, Gatwekera, Kianda na vinginevyo, na reli ya Uganda ikipita katikati.

Kawangware ilikuwa ng'ambo ya mpaka wa mji, katika ardhi ya Wakikuyu ya Dagoretti. Jina lenyewe lina ngware ndani yake, yaani kwale. Baada ya uhuru eneo hilo lilimezwa na jiji, na wenye mashamba wakaacha kupanda mahindi wakapanda vyumba vya kupangisha. Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kawangware kuna mwenye ploti, mtu mwenye hati anayeweza kuomba kuunganishiwa maji. Kibera maji yalifika kwa njia za mkato, kwa mabomba ya plastiki yaliyopita mitaroni, yakauzwa kwa mtungi wa lita 20, na bei yake hupanda mara kadhaa kila uhaba unapoingia. Mwanamke anayelipia kila mtungi hupima: haya ni ya ugali, haya ya kuoga, haya ya kufulia sare. Tambara la hedhi hungoja zamu yake mwishoni.

Pedi ya kiwandani ilizaliwa mbali, na ilizaliwa vitani. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia kampuni ya Kimarekani ya Kimberly-Clark ilitengeneza bandeji za rojo la mbao lililofyonza damu kuliko pamba. Wauguzi waliona matumizi mengine, na vita vilipokwisha kampuni ikaiingiza bandeji ile sokoni kwa jina la Kotex mnamo 1920. Kwa karibu nusu karne ilishikiliwa na mkanda wa kiunoni. Mwaka 1969 Stayfree ikaleta gundi ya kubandika kwenye chupi. Mwaka 1983 Always ikaja na mabawa, na katika miaka hiyohiyo viwanda vikaanza kutia chembechembe za polima zinazovimba zikikutana na majimaji. Pedi ikawa nyembamba na ya kutegemewa. Lakini ukiichana leo utakuta mgongo wa plastiki, uso wa nyuzi za plastiki, na katikati polima. Kila kilichoongeza raha kiliipunguzia pia uwezo wa kuoza.

Kenya yenyewe ilikuwa na pamba. Kisumu palikuwa na kiwanda cha KICOMI, Eldoret palikuwa na Rivatex, na wakulima wa Nyanza na Magharibi walijua bei ya gunia. Milango ya biashara ilipofunguliwa miaka ya 1990, marobota ya mitumba yakaingia na viwanda vikaanguka kimoja baada ya kingine. Rivatex ilikuja kufufuliwa mikononi mwa Chuo Kikuu cha Moi kuanzia 2007. Kibera ilisikia mabadiliko hayo kupitia soko lake la Toi, lenye mitumba ya kila aina. Fulana ya pamba iliyovaliwa Ulaya ikachakaa mara ya pili Nairobi, halafu ikakatwa vipande. Asiyekuwa na fulana alitumia kipande cha blanketi, au alichomoa sponji ya godoro. Hadithi hii ya sponji ya godoro imesimuliwa na wasichana wengi wa vitongoji vya Nairobi kiasi kwamba hakuna sababu ya kuitilia shaka.

Januari 2003 elimu ya msingi ikawa bila malipo. Madarasa yalijaa, na kwa mara ya kwanza walimu wengi walijikuta na makumi ya wasichana waliobalehe katika chumba kimoja, kwenye shule zenye vyoo visivyo na mlango wala maji. Mwaka uliofuata, David Mwiraria akiwa Waziri wa Fedha, Kenya iliondoa kodi ya VAT kwenye pedi. Nchi nyingi tajiri hazikufanya hivyo hadi miaka mingi baadaye, na Wakenya wana haki ya kulikumbuka jambo hili kwa fahari. Ushuru wa forodha nao ukaja kuondolewa.

Kodi ilipotoka, bei haikushuka vya kutosha. Ndipo uchumi wa kadogo ulipofanya kazi yake. Mwenye kioski anayepima mafuta ya kupikia kwa kikombe na kuuza robo ya sabuni alifungua pia pakiti ya vipande vinane akauza kimoja kimoja. Msichana alinunua pedi ya leo kwa sarafu aliyoipata leo. Kwa hesabu ya jumla analipa zaidi ya anayenunua pakiti nzima, na bado anaivaa pedi ileile kutwa kucha kwa kuwa ya pili hana.

Wengine walilipa kwa njia mbaya zaidi. Watafiti waliowahoji wanawake na wasichana zaidi ya 3,400 magharibi mwa Kenya, wakachapisha matokeo yao 2015, walikuta kwamba miongoni mwa wasichana wa miaka 15, mmoja kati ya kumi aliwahi kufanya ngono ili apate pesa za pedi. Kibera jambo hilo lilikuwa likijulikana kabla halijatiwa kwenye majedwali. Jane Anyango, mkazi wa huko, alianzisha Polycom mwaka 2004 baada ya kuona jinsi wasichana wadogo walivyokuwa wakinaswa na wanaume wenye pesa. Shirika lake liliweka shuleni masanduku ambamo msichana hutumbukiza barua bila kuandika jina. Mengine yaliyomo humo ni mazito kuliko pedi, lakini pedi zimo.

Sasa tuje kwenye taka, kwa sababu hapa ndipo neno mazingira linapopata uso.

Pedi iliyotumika Kibera ina njia chache za kupita. Njia ya kwanza ni choo cha shimo. Choo hicho hutumiwa na familia nyingi, na kikijaa, lori la kunyonya haliwezi kupita vichochoroni, kwa hiyo vijana hukizoa kwa ndoo na kusukuma mapipa kwa mkokoteni. Kinyesi huoza na kupungua. Pedi hazipungui. Zinavimba, zinajaza shimo kabla ya wakati wake, na kijana mwenye ndoo ndiye anayezichomoa. Njia ya pili ni kufungwa pamoja na choo cha kurusha, ule mfuko unaotupwa usiku kupitia dirishani. Njia ya tatu ni mtaro, nao huteremka hadi Bwawa la Nairobi, lililojengwa 1953, ambalo zamani watu walikwenda kuendesha mashua na leo limezibwa na tope, taka na magugu maji. Zinazobahatika kuzolewa huenda Dandora, jaa lililofunguliwa 1975 na kutangazwa limejaa mwaka 2001, ambalo linapokea malori hadi leo.

Kwa hiyo mwito wa kurudi kwenye kitambaa ulikuwa na mantiki, na ulikuja kwa nguvu kuanzia mwaka 2008, shirika la Huru International lilipofungua karakana huko Mukuru, upande wa pili wa jiji. Mafundi wa cherehani walishona pedi za kufuliwa, zikagawiwa wanafunzi zikiwa kwenye begi pamoja na chupi, sabuni na kifuko kisichopitisha maji. Uganda, AFRIpads ilianza 2010 katika kijiji cha Kitengeesa karibu na Masaka, ikakua hadi kuwa kiwanda chenye wateja nchi nyingi. Pedi kama hizi hudumu mwaka mmoja au zaidi. Kwa msichana mwenye kisima nyumbani na ua wenye miti, ni ukombozi wa kweli.

Kwa msichana wa Gatwekera mambo ni magumu. Maji ananunua. Beseni wanatumia watu sita. Kamba iko mbele ya mlango wa jirani ambaye ni mwanamume, na kitambaa kilichoanikwa gizani kinakauka nusu, kikavaliwa na unyevu wake, kikamletea muwasho ambao atauona aibu kuutaja zahanati. Wafadhili waligawa pedi za kufuliwa wakahesabu pedi. Wachache walihesabu kamba na mitungi. Ndiyo sababu mtu anayelijali jambo hili anapaswa kuyahesabu mabomba ya maji ya shirika la SHOFCO, yale yaliyopitishwa angani juu ya nguzo za Kibera ili yasichanganyike na mitaro, kuwa sehemu ya historia ya pedi. Bei ya mtungi ikishuka, kitambaa kinawezekana.

Kikombe cha hedhi kilileta jibu la tatu. Si uvumbuzi mpya: Leona Chalmers, Mmarekani, alikipatia hataza mwaka 1937 kikiwa cha mpira. Mwaka 2011 wahitimu watatu wa Copenhagen Business School walianzisha Ruby Cup wakaja kuiuza Nairobi, wakianza na wanawake wa Kibera. Kikombe kimoja cha silikoni hudumu hadi miaka 10, huchemshwa kwenye sufuria kila mwezi, hakianikwi na hakijazi choo. Hesabu ilikuwa nzuri, ila mtu anayeishi kwa kibarua cha siku hawezi kutoa leo pesa za miaka kumi. Kampuni ikabadili mwendo: mnunuzi wa Ulaya hununua kimoja, kingine hutolewa bure. Woga nao ulikuwepo, kuhusu ubikira, kuhusu kikombe kupotea ndani ya mwili, na haukuondolewa na kipeperushi. Uliondolewa na rafiki aliyekwisha kukitumia. Mwaka 2019 jarida la Lancet Public Health lilichapisha mapitio ya tafiti 43 yaliyoonyesha kuwa kikombe ni salama na hakivuji zaidi ya pedi. Bado kinataka sufuria, na chumba kimoja kina sufuria chache.

Jibu ambalo limewavutia zaidi wavumbuzi wa Afrika Mashariki ni pedi ya kutupwa iliyotengenezwa kwa mmea. Moses Kizza Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere alitangulia kwa Makapads, akitumia mafunjo ya mabwawani na karatasi kuukuu, yakitwangwa na kuanikwa juani. UNHCR ilizinunua kwa ajili ya wakimbizi. Rwanda, shirika la SHE likageukia nyuzi za migomba, zile ambazo mkulima huziacha shambani baada ya kukata mkungu.

Kenya zamu ilikuwa ya katani. Zao hili liliingizwa Tanganyika na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, likaenea hadi mashamba makubwa ya Kenya, na kwa karne nzima likawa kamba, magunia na mikeka. Mwishoni mwa 2023 jarida la Communications Engineering lilichapisha kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford pamoja na Alex Odundo wa Olex Techno Enterprises, karakana ya Kisumu inayounda mashine za kuchakata katani. Nyuzi zilizolainishwa kwa njia yao zilifyonza maji kuliko pamba ya pedi za dukani, na kazi nzima inaweza kufanywa na karakana ndogo, bila kiwanda kikubwa. Mmea unaostahimili ukame wa Nyanza na Ukambani ungeweza kuchukua nafasi ya rojo la mbao linalovuka bahari.

Na neno ogani? Afrika Mashariki ina jina lake: kilimo hai, na tangu 2007 ina alama yake ya pamoja, Kilimohai. Pamba ya kilimo hai inalimwa si mbali na hapa. Wakulima wa Meatu, Tanzania, wamekuwa wakiilima kwa mkataba na bioRe tangu 1994, na nyuzi zake huishia kwa wauzaji nguo wa Ulaya. Pakiti iliyoandikwa ogani Nairobi inasema jinsi pamba ilivyolimwa. Haisemi mgongo wa pedi ni wa nini, wala itaoza wapi. Hata plastiki ya mimea inataka joto, hewa na unyevu wa jalala la mboji. Ndani ya choo cha Silanga hukaa sana. Mnunuzi makini Kawangware hugeuza pakiti, hutafuta alama ya ubora ya shirika la viwango, KEBS, huuliza kama uso ni pamba, huepuka yenye manukato. Kisha hurudi kwenye swali la pipa, kwa kuwa ploti nyingi hazina pipa lenye kifuniko chooni.

Sheria ililiona hilo. Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta alitia sahihi marekebisho ya Sheria ya Elimu ya Msingi yanayoidai serikali impe visodo bila malipo, vya kutosha na vya ubora, kila msichana aliyebalehe katika shule ya umma, na pia njia ya kuvitupa isiyodhuru mazingira. Maneno hayo matatu, shule ya umma, yana uzito Kibera. Shule za umma pale ni chache; watoto wengi husoma kwenye shule za mabati zinazoendeshwa na makanisa, mashirika na watu binafsi. Msichana wa shule hizo hakutajwa.

Wala pedi peke yake haitoshi. Utafiti mkubwa wa Kilifi, uliofanywa na Population Council katika shule 140 kwa pedi na masomo ya shirika la ZanaAfrica, haukuona kwamba kugawa pedi kulipunguza utoro. Masomo ndiyo yaliyobadili jinsi wasichana walivyojielewa. Septemba 2019 huko Bomet mwanafunzi wa miaka 14 alijiua. Familia yake ilisema aliaibishwa darasani kwa kuchafua sare. Februari 2023 Seneta Gloria Orwoba aliingia Seneti akiwa na doa jekundu kwenye suruali nyeupe, akaambiwa atoke. Doa lilelile, msichana na seneta.

Mwaka 2024 mazingira na pedi vikagongana hadharani. Muswada wa Fedha ulipendekeza tozo ya mazingira kwa bidhaa zinazoacha taka, na hofu ikaenea haraka kwamba pedi zitapanda bei. Wabunge walisema zinazotengenezwa nchini hazitatozwa. Wasichana kwa wavulana waliingia barabarani wakiwa na mengi mengine ya kupinga, na tarehe 26 Juni Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi. Taka za Bwawa la Nairobi ni za kweli, na mfuko wa msichana wa Lindi ni mtupu kweli. Tozo ile ingezitoza taka hizo kwa kuuchimba mfuko huo.

Vioskini Laini Saba, na kwenye vibanda vya soko la Kongo kule Kawangware, pedi moja bado hutolewa ikiwa imefungwa kwenye kipande cha gazeti ili wapita njia wasiione. Zamani ilitiwa kwenye mfuko mweusi wa plastiki. Mfuko huo ulipigwa marufuku nchini kote tarehe 28 Agosti 2017. Plastiki iliyo ndani ya pedi haikuguswa na marufuku hiyo.